Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Prosesa kwa Ajili ya Programu ya Kuigiza Urubani

Programu za kuigiza urubani zina tabia inayozitenga na michezo mingi ya kompyuta: ndege ikiwa imeegeshwa kwenye uwanja wenye pilikapilika nyingi, kompyuta iliyofungwa kadi ya michoro ya bei kubwa huweza kuhangaika kufikisha fremu (picha zinazofuatana) 30 kwa sekunde, ilhali kadi yenyewe haijafika hata nusu ya uwezo wake. Chanzo ni kwamba hesabu za mwenendo wa ndege hewani, mifumo yake ya ndani, skrini za chumba cha rubani, ndege nyingine zilizo jirani na sehemu ya maandalizi ya mandhari hupita kwa kiasi kikubwa kwenye uzi mmoja mkuu wa kazi, yaani mfululizo mmoja wa maagizo, na uzi huo hutekelezwa na kiini kimoja cha prosesa. Viini vingine husaidia, lakini hatimaye humsubiri huyo mmoja. Kwa hiyo anayefikiria kubadilisha prosesa mara nyingi hajakosea. Hata hivyo, fedha zisitoke mfukoni kabla hajathibitisha kwamba tatizo lake ni hilo hasa.

Uthibitisho huo haupatikani kwa kutazama asilimia ya jumla ya matumizi ya prosesa ambayo Windows huionyesha. Prosesa yenye viini 8 na nyuzi 16 inaweza kuwa na uzi mmoja uliojaa kabisa, na mchango wa uzi huo kwenye hesabu ya jumla ukawa takriban asilimia 6 tu, hivyo mtumiaji akadhani kwamba prosesa yake imekaa bure. Kipimo cha kuaminika ni muda unaotumika kuandaa kila fremu. Anayetaka fremu 60 kwa sekunde ana milisekunde 16.7 za kumaliza kila fremu. Anayeridhika na 30 ana milisekunde 33.3. X-Plane huweza kuonyesha kando muda wa prosesa na muda wa kadi ya michoro, na Microsoft Flight Simulator, hali ya wasanidi ikiwashwa, hutaja kwenye kidirisha chake cha fremu kama kikomo kipo kwenye MainThread, yaani huo uzi mkuu, au kwenye GPU, yaani kadi ya michoro. Lipo pia jaribio lisilohitaji kidirisha chochote: punguza ubora wa picha (resolution, yaani idadi ya nukta zinazochorwa) hadi nusu, kisha angalia idadi ya fremu. Isipobadilika, kadi ya michoro haina hatia. Ikipanda sana, prosesa mpya haitaleta nafuu inayotarajiwa.

Jaribio lifanyike katika sehemu zaidi ya moja, kwa sababu mzigo wa ardhini kwenye uwanja kama Heathrow haufanani kabisa na mzigo wa kusafiri futi 35,000 juu ya bahari. Kwa kila sehemu, chagua ndege moja, egesho moja, saa moja ya siku, hali ya hewa iliyopangwa kwa mkono badala ya ile inayoletwa moja kwa moja kutoka intaneti, na kiwango kilekile cha trafiki, kisha andika wastani wa fremu pamoja na kiwango cha chini kabisa kinachojitokeza. Kiwango hicho cha chini ndicho kinachomkera rubani, kwa maana kutua huharibiwa zaidi na mikwamo ya ghafla kuliko wastani mdogo ulio thabiti. Bila namba hizi, baada ya kubadilisha prosesa hutakuwa na cha kulinganisha zaidi ya hisia, na hisia za mtu aliyetoka kununua kitu si ushahidi.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, punguza mipangilio inayoilemea prosesa moja kwa moja: umbali wa uchoraji wa ardhi na wa vitu, idadi ya ndege na magari, na kasi ya kuonyesha upya skrini za chumba cha rubani. Wapo waliokuta kwamba trafiki pekee ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua. Teknolojia ya kuzalisha fremu za kati kwa kadi ya michoro nayo hufanya mwendo uonekane laini, ila haiipunguzii prosesa kazi yoyote, na huongeza ucheleweshaji kidogo kati ya mkono na usukani.

Ikithibitika kwamba prosesa ndiyo kikwazo, kosa la kawaida katika uchaguzi ni kuhesabu viini. Kwa kazi hii, viini 8 vyenye kasi na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) kubwa huweza kuzishinda prosesa zenye viini vingi zaidi. Mfano mzuri ni wa AMD: Ryzen 7 5800X ina kashe ya L3 ya megabaiti 32, na mwenzake 5800X3D, iliyotoka mwaka 2022, ina megabaiti 96. Ijapokuwa kasi ya saa (clock speed) ya 5800X3D ni ndogo kidogo, kwenye uigizaji wa urubani humwacha mwenzake mbali, kwa sababu data inayohitajika tena na tena hukaa karibu na viini badala ya kufuatwa kwenye RAM kila mara. Mtindo huohuo uliendelezwa na 7800X3D mwaka 2023 na 9800X3D mwaka 2024. Kwenye 7950X3D yenye viini 16, nusu ya viini ndiyo yenye kashe ya ziada, hivyo Windows inapaswa kuielekeza programu upande sahihi. Asiyetaka usumbufu huo na asiye na kazi nyingine nzito atatosheka na ya viini 8.

Soketi, yaani tundu la ubao mama ambamo prosesa huingia, ndiyo inayoamua kama utabadilisha kifaa kimoja au nusu ya kompyuta. Mwenye ubao mama wa AM4, soketi ya AMD ya awali, anaweza kupata nafuu kubwa kwa kubadilisha prosesa peke yake na kubaki na RAM yake ya DDR4. AM5, soketi iliyoifuata, hukubali RAM ya DDR5 tu, kwa hiyo anayehama kutoka AM4 ananunua prosesa, ubao na RAM kwa mpigo. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 hupokea kizazi cha 12, 13 na 14, na baadhi ya bao zake hutumia DDR4, nyingine DDR5; Core Ultra 200S inataka LGA1851. Anayenunua prosesa ya kizazi cha 13 au 14 iliyokwisha kutumika ajue kwamba baadhi ya modeli zenye nguvu zilikuwa na hitilafu ya volti, ambayo Intel ilianza kuirekebisha kwa marekebisho ya ndani ya mwaka 2024. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya. Hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Kulingana kwa soketi bado hakutoshi. Fungua orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, tafuta modeli yako kamili pamoja na toleo lake la ubao, kisha usome ni toleo gani la BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) linalohitajika. BIOS isasishwe wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake, kwa sababu mpya huenda isiwake kabisa kwenye BIOS ya kale, isipokuwa ubao una kitufe cha kusasisha bila prosesa. Umeme usikatike katikati ya shughuli hiyo. Soma pia maelezo ya toleo lenyewe: baadhi ya matoleo mapya ya BIOS za AM4 yaliondoa uwezo wa kutumia prosesa za awali, na aliyetegemea kurudi nyuma mambo yakiharibika atakuta mlango umefungwa.

Jambo linalosahaulika kuliko yote halihusu bisibisi. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba data, ufunguo unaotumika kila siku hutunzwa na moduli ya usalama, na katika kompyuta nyingi moduli hiyo imo ndani ya prosesa au hutegemea BIOS. Ukibadilisha prosesa, Windows inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48 kabla ya kufungua chochote. Uandike na kuuhifadhi nje ya kompyuta hiyo, au usimamishe BitLocker kwanza. Kwenye bao nyingi za AMD, mara ya kwanza kuwasha huja ujumbe kwenye skrini nyeusi ukisema kwamba prosesa mpya imewekwa na ukiuliza kama fTPM, yaani hiyo moduli ya usalama, iwekwe upya, bonyeza Y, au iachwe ilivyo, bonyeza N. Asiye na ufunguo asibonyeze Y kwa haraka. Anayebadilisha ubao pia aunganishe leseni ya Windows na akaunti yake mapema, na anakili mahali pengine mipangilio ya jostiki, pedali na ndege za ziada.

Upozaji unahitaji kuangaliwa, ingawa prosesa za X3D hazili umeme mwingi: 7800X3D imepangiwa wati 120, wakati Core i9-14900K huruhusiwa kufika wati 253. Hakikisha kipozeo kina vishikizo vya soketi mpya na kwamba pesti ya joto ipo, kwani ile ya zamani haitumiki tena. Kwenye AM4, iwashe kompyuta ifanye kazi kidogo kabla ya kung'oa kipozeo ili pesti ilainike, kisha ukizungushe kidogo kushoto na kulia. Ukikivuta wima kinaweza kutoka na prosesa ikiwa imenata chini yake na kupinda pini. Kwenye AM5 na Intel pini zipo kwenye ubao, nazo zikiguswa kwa kidole hupinda vilevile.

Skrini ikikaa nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza kwenye AM5, usikimbilie kuzima. Ubao unajifunza RAM yake. Ikishawaka, ingia BIOS na uuwashe tena wasifu wa kasi ya RAM, EXPO au XMP, kwa sababu kusasisha BIOS huweza kuufuta, na RAM inayokwenda polepole hula sehemu ya faida uliyoilipia.

Rudia sasa safari ileile, egesho lilelile, mipangilio ileile, na ulinganishe na namba ulizoandika. Usihukumu kwa safari ya kwanza, kwa kuwa programu huenda ikawa inaandaa upya baadhi ya faili zake. Kisha ongeza umbali wa ardhi hatua moja, halafu trafiki, ukitazama kidirisha baada ya kila badiliko. Mara tu kikomo kinapohamia GPU, nguvu ya ziada ya prosesa haitaongeza fremu tena, na kinachobaki kurekebishwa ni ubora wa picha na mawingu.