Jinsi ya Kuandaa Somo la Kikosi cha Brandenburg kwa Wanafunzi wa Sekondari Uganda

Mwalimu anayetaka kufundisha habari za Brandenburg, kikosi maalumu cha Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, asianzie Berlin, bali aanzie huku kwetu. Theodor von Hippel, ofisa aliyetoa wazo la kikosi hicho, alikuwa amepigana Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani ambaye kwa jeshi dogo, wengi wao wakiwa askari Waafrika, aliwahangaisha Waingereza hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn, katika Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Tundika ramani, kisha waonyeshe wanafunzi Bukoba, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, mji ulioshambuliwa na Waingereza mwezi Juni 1915. Wataje pia wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, maana wanaomsifu Lettow-Vorbeck aghalabu huwasahau.

Kuundwa kwa kikosi kusikuchukulie muda. Inatosha kueleza kwamba kilianza Oktoba 1939 chini ya Abwehr, idara ya ujasusi wa kijeshi iliyoongozwa na Wilhelm Canaris, na kwamba kilitafuta watu waliozijua vyema lugha na desturi za nchi za adui.

Muda mwingi utumie kwenye daraja la Gennep, Uholanzi. Alfajiri ya tarehe 10 Mei 1940, watu wachache waliovaa kama polisi wa kijeshi wa Uholanzi walifika darajani wakijifanya wanasindikiza mateka wa Kijerumani, kumbe mateka wenyewe walikuwa wameficha silaha ndani ya makoti. Daraja lilitekwa likiwa zima, na treni ya deraya ikavuka mto Maas. Hapo wasomee kanuni za Hague za 1907, yaani sheria za kimataifa za vita, zilizokataza kutumia sare ya adui isivyo halali, kisha waache wabishane. Kisa cha Maikop, mji wa Urusi, cha Agosti 1942, ambapo Adrian von Fölkersam, ofisa wa kikosi hicho, na wenzake walijifanya askari wa NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, kinapendwa zaidi, lakini kimetiwa chumvi mno; mimi ningekitumia tu kuwafundisha kupima ushahidi.

Hata kipindi kikikaribia kwisha, usiruke miaka ya mwisho. Mwaka 1943 kikosi kilipanuliwa kuwa divisheni, na sehemu zake zikapigana na wapiganaji wa msituni katika nchi za Balkani, vita ambavyo raia waliumia sana. Mwaka 1944 kikageuzwa divisheni ya kawaida ya askari wa magari. Canaris aliuawa na serikali yake mwenyewe huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Wanafunzi watauliza sababu, hivyo jiandae kuwaeleza habari za maofisa waliompinga Hitler.