Kutoka Mtwara mpaka Ziwa Nyasa na familia kwa gari, jinsi ya kujipanga

Sisi watu wa pwani tukisikia ziwa tunabeba kaptura na kanga basi, kumbe kabla hujafika Mbamba Bay, pale ziwani, unapita milimani, na baridi ya Mbinga mwezi wa sita haina mzaha. Theluji hutaikuta, hiyo ipo Kilimanjaro, ila mtoto aliyezaliwa Shangani ya Mtwara akiamka asubuhi kule atalia kweli.

Tuanze na muda. Huku kwetu hela inaonekana korosho zikishauzwa, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na hapo ndo kila mtu anataka kusafiri, sasa ndo mvua nazo zinaanza na milimani utelezi na ukungu. Mi nashauri hela ya korosho tenga kidogo, ifiche hata kwa mama mkwe, subiri mwezi wa sita watoto wamefunga shule, mvua zimekata na milima bado ina ukijani.

Njia ni Mnazi Mmoja, Ndanda, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, lami tupu. Ni kama kilomita 660 mpaka Songea, halafu karibu 100 mpaka Mbinga na 67 hivi za kushuka ziwani. Usijidanganye kumaliza kwa siku moja, na watoto ndo kabisaa. Toka saa 11 alfajiri, lala Songea. Jua likikuzamia Tunduru lala hapohapo, maana mbele kuna pori refu, ni ushoroba wa wanyama wanaotoka Selous kwenda Niassa ya Msumbiji, tembo wanakatiza barabara na usiku tembo humuoni mpaka umeshamfikia. Vijijini nenda 50 hata kama barabara nyeupe, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo.

Gari lipelekwe kwa fundi wiki moja kabla, sio jana yake. Breki, rejeta, tairi zote pamoja na spea, na hakikisha jeki na spana ya tairi vipo kweli kwenye buti, sio "vipo nyumbani". Mafuta jaza Masasi, jaza tena Tunduru, usisubiri taa iwake.

Sasa nguo, hapa ndo wengi wanafeli. Masweta, soksi, kofia za watoto na blanketi moja zito viweke kwenye begi la peke yake, juu kabisa, mkono unafika, kwa sababu ukiviweka chini ya mabegi mengine utajikuta unashusha mzigo wote barabarani saa moja usiku huku bibi anatetemeka. Mtoto anayetapika akae karibu na dirisha na mpe kandoo kadogo kenye mfuniko, mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2019. Chakula cha njiani mihogo ya kuchemsha, karanga, maji mengi, maziwa achana nayo.

Songea msiondoke bila kupita Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, ndipo mashujaa waliponyongwa na Wajerumani Februari 1906, na sie wa kusini vita hivyo ni vyetu pia. Mkifika Mbinga waonyeshe watoto ngoro, yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko yanayoshika maji na udongo usiporomoke, wanalima mlima umesimama wima na bado wanavuna mahindi na maharage!

Kutoka Mbinga kwenda chini kona ni nyingi, shuka na gia ndogo, usikanyage breki muda wote zitapata moto zikuache. Ukishuka joto linarudi taratibu, masweta yanavuliwa moja moja, na ziwa linaanza kuonekana kwa chini.

Ziwani maji ni meupe mpaka unaona samaki wadogo wa rangirangi kwenye mawe, lakini lile ziwa lina sehemu zenye kina cha mita 700 hivi, sio la kuzoea. Waulize wenyeji wanaogea wapi na mamba wapo upande gani, kaeni mbali na midomo ya mito na penye matete, kichocho nacho kipo kwahiyo mkirudi mkapime. Wavuvi wakivuta mitumbwi nchi kavu na nyie tokeni, hakuna cha kuuliza. Kula mbasa, samaki wa ziwa hilo, wa kuchoma, mwenye kupenda changu wetu wa baharini anaweza akanuna siku ya kwanza, ya pili ataomba aongezewe.

Dagaa nyasa nunua asubuhi ya kuondoka, wawe wamekauka vizuri, funga kwenye kiroba na uwaweke juu ya keria. Sio ndani ya gari, kilomita mia nane na harufu ile mtagombana.