SOMO: Kutoa taarifa bila kujulikana, na bado ukaaminika

Tuseme uko kwenye mizani ya kiwanda cha minofu hapa Mwanza, na kilo za sangara zinapunguzwa kabla mvuvi hajaandikiwa risiti. Ukisema kwa jina lako, kazi huna. Ukificha jina, unaambiwa unapika majungu. Basi usithibitishe wewe ni nani. Thibitisha kwamba ni yuleyule aliyesema juzi, na kwamba jambo ulilijua kabla halijatokea.

Hatua ya 1. Kompyuta ya kazini na waifai yake, achana navyo. Usitume ujumbe wala kupiga simu kwa laini yako, maana imesajiliwa kwa alama za vidole. Tumia kivinjari cha Tor, kinachoficha unakotokea mtandaoni, kwenye kifaa chako.

Hatua ya 2. Tengeneza jozi ya funguo kwa GnuPG, programu ya kutia maandishi sahihi ya kidijitali: ufunguo wa siri hutia sahihi, wa wazi huikagua. Programu itakuuliza jina: weka ambalo hujawahi kulitumia popote. Ufunguo wa wazi mpe mwandishi au mchunguzi, wa siri ubaki nao. Kila taarifa itie sahihi. Anayejifanya wewe ataumbuka hapo hapo. Angalia pia saa, kwa sababu sahihi hubeba muda ilipotiwa. Zikifuatana na mwisho wa zamu yako, umejitaja.

Hatua ya 3. Andika utakachokuja kukifichua, ukipitishe kwenye SHA-256, kanuni ya hesabu inayogeuza maandishi kuwa alama isiyorudishwa nyuma. Utapata heshi ya herufi na tarakimu 64. Tuma heshi pekee. Tukio likishatokea, toa maandishi yenyewe, na yeyote atapiga hesabu ileile apate jibu lilelile. Lakini sentensi fupi hukisiwa! "Mizani ya pili itachezewa Jumatatu": bosi atajaribu kila mizani na kila siku mpaka heshi ioane. Ongeza mwishoni maneno mengi yasiyo na mpangilio, uyatunze uje kuyatoa pamoja na maandishi.

Hatua ya 4, kwa wenye uwezo. Rivest, Shamir na Tauman walieleza mwaka 2001 sahihi ya pete: inaonyesha kwamba mmoja wa kundi fulani ametia sahihi, bila kuonyesha yupi. Wenzako hawaombwi ruhusa, ila lazima wawe na funguo za wazi zinazojulikana. Viwandani kwetu ni nadra, kwa hiyo mimi ningetegemea hatua ya 2 na ya 3.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Sahihi inathibitisha kwamba nasema kweli?

Marahaba. Hapana. Inathibitisha mwenye ufunguo, na kwamba maandishi hayajaguswa. Ukweli utatoka kwenye risiti za wavuvi wa Igombe na Kirumba zikilinganishwa na daftari la kiwanda.

Sheria inatulinda?

Ipo ya mwaka 2015, ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inahusu taarifa zinazopelekwa kwa mamlaka husika.

Jambo lenyewe tunalijua watu wawili tu. Nifanyeje?

Dada yangu, usilitume bado. Hakuna ufunguo utakaokuficha hapo. Tafuta kwanza ushahidi wa jambo hilo hilo ambao wengi wanaweza kuufikia, kama risiti walizo nazo wavuvi wenyewe, kisha uanzie huko.