Mkono uliolegea baada ya ajali ya bodaboda: jinsi ya kupima mtandao wa neva za mkono

Wiki hii nilikuwa kwenye simu na tabibu kijana mwenye mgonjwa mbele yake: dereva wa bodaboda, ameangukia bega, picha haionyeshi mfupa uliovunjika, lakini mkono mzima unaning'inia. Kwenye jalada kulikuwa na maneno manne tu: "mkono wa kulia umepooza." Kwa maneno hayo daktari bingwa hawezi kuamua chochote, na jeraha hili halisubiri.

Hizi ndizo hatua tulizopitia naye. Ni za matabibu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wa hospitali za wilaya. Kila hatua inalenga swali moja: mizizi ya neva imevutika tu, imekatika njiani, au imechomoka kabisa kwenye ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo?

Uwe na tochi ndogo, nyundo ya rifleksi, pamba, vijiti vipya vya meno, karatasi na penseli. Sindano siitaki kwenye kipimo hiki. Inatoboa ngozi ya mtu asiyehisi, na kijiti cha meno kilichovunjwa kinatoa jibu lilelile.

Hatua ya 1: Uhai kwanza

Shingo, kifua, kichwa, kama kawaida ya majeruhi yeyote. Kisha shika mapigo ya kifundo cha mkono pande zote mbili. Nguvu iliyovuta neva inaweza kupasua mshipa wa damu uliolala kando yake chini ya mtulinga. Mkono wa baridi usio na mapigo, au uvimbe unaokua juu ya mtulinga, ni dharura ya leo. Acha mengine yote, tafuta gari.

Hatua ya 2: Chora mtandao kwa mkono wako

Usinakili mchoro wa rangi kutoka kwenye simu. Chukua penseli uuchore mwenyewe, kila mgonjwa, mpaka vidole vyako viujue. Mizizi ni mitano: C5, C6, C7, C8 na T1 (C ni ya shingo, T ni ya kifua). Inaungana kuwa mashina matatu: la juu (C5 na C6), la kati (C7 peke yake) na la chini (C8 na T1). Kila shina linagawanyika mbele na nyuma, jumla migawanyiko sita. Migawanyiko yote mitatu ya nyuma inaunda kamba ya nyuma, na ya mbele inaunda kamba ya nje na ya ndani. Kutoka kwenye kamba hizo zinatoka neva kuu tano: maskulokutaneo, ya kwapa, radiali, mediani na alna.

Sasa ongeza matawi mawili ambayo wengi huyaacha, na ndiyo yatakayotuokoa hatua ya 4. Moja linatoka C5, karibu kabisa na uti wa mgongo, kwenda misuli ya romboidi inayovuta kombe la bega kuelekea mgongoni. La pili linatoka C5, C6 na C7, nalo linashuka ubavuni hadi msuli wa seratasi, unaobana kombe la bega kwenye mbavu. Yachore kwa wino mwekundu.

Hatua ya 3: Pima msuli mmojammoja na uandike namba

Tumia kipimo cha 0 hadi 5 cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. 0 ni kimya kabisa. 1 msuli unajikaza lakini kiungo hakisogei. 2 kiungo kinasogea kikiwa kimelazwa, bila kupambana na uzito wake. 3 kinashinda uzito wake. 4 kinashinda pia ukinzani wa mkono wako kwa kiasi. 5 ni kawaida. "Dhaifu kidogo" siyo kipimo.

Fuata mpangilio huu: kuinua mkono pembeni (C5), kukunja kiwiko (C5 na C6), kuinua kiganja kwenye kifundo (C6 na C7), kunyoosha kiwiko (C7), kukunja vidole (C8), kutanua vidole (T1). Mkono ulioshindwa bega na kiwiko tu, ukalala ubavuni huku umegeukia ndani na kiganja kikitazama nyuma, ni jeraha la shina la juu. Ndilo lililoelezwa na daktari Duchenne mwaka 1872 na daktari Erb mwaka 1874, na huonekana pia kwa watoto waliokwama mabega wakati wa kuzaliwa. Aangukaye kwa bega huku kichwa kikisukumwa upande wa pili huumia hapo. Aliyening'inia kwa mkono uliovutwa juu huumia chini, C8 na T1, na hapo kiganja ndicho kinachokufa.

Bega likiwa liliteguka, usikimbilie kusema mtandao wote umeumia. Huenda ni neva ya kwapa peke yake. Mwambie abane kiwiko ubavuni akiwa amekikunja, kisha ageuze kigasha kuelekea nje. Akiweza, na baisepsi (msuli wa mbele unaokunja kiwiko) inafanya kazi, shina la juu ni zima. Tatizo liko mbele zaidi.

Msuli mpana wa mgongoni una njia rahisi kuliko zote: shika nyama ya nyuma ya kwapa kwa vidole, mwambie akohoe. Ukijikaza utausikia.

Hatua ya 4: Umekatika au umechomoka?

Hapa ndipo nilipotumia saa nyingi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii, na hapa ndipo barua nyingi za rufaa hazina neno. Mzizi uliokatika baada ya kutoka kwenye uti wa mgongo bado una kisiki, na mpasuaji anaweza kuunga kipande cha neva kati ya kisiki na upande wa pili. Mzizi uliochomoka kwenye ugwe hauna kisiki cha kuungia, na hautapona wenyewe hata ukisubiri miaka. Lazima neva jirani iliyo hai ihamishwe. Kwa hiyo mgonjwa mwenye dalili za kuchomoka hasubiri miezi mitatu "tuone." Anaondoka sasa.

Anza na seratasi. Vitabu vinasema mgonjwa asukume ukuta kombe la bega likitazamwa. Lakini mgonjwa wetu hawezi hata kuinua mkono, ataufikishaje ukutani? Fanya hivi: mlaze chali. Inua mkono wake wewe mwenyewe hadi usimame wima kuelekea darini, na msaidizi ashikilie kiwiko kikiwa kimenyooka. Weka vidole vyako ubavuni chini ya kwapa, kwenye meno ya msuli juu ya mbavu. Sasa mwambie, "Kaka, sukuma ngumi yako ikaguse dari." Kombe la bega likisogea mbele na meno ya msuli yakijikaza, seratasi iko hai. Kimya kabisa kina maana kwamba jeraha liko juu sana, karibu na ugwe. Tahadhari: seratasi inalishwa na mizizi mitatu. C5 na C6 zikiwa zimechomoka na C7 ikabaki, unaweza kusikia mkazo hafifu. Linganisha na upande mzima kila mara, na usihesabu mkazo hafifu kuwa ushahidi kwamba mizizi yote iko salama.

Kisha romboidi. Mkalishe, kiganja chake ukiegemeze kiunoni na ukishikilie hapo, mwambie abane makombe ya mabega pamoja. Gusa ukingo wa kombe ulio karibu na uti wa mgongo. Hapa kuna mtego: msuli wa trapezi umelala juu ya romboidi, na unalishwa na neva inayotoka kichwani, si kwenye mtandao huu. Kwa hiyo utaona kombe likisogea hata kama C5 imechomoka. Bonyeza kwa kina, sikiliza tabaka la chini. Ukishindwa kutofautisha, andika "romboidi haikubainika." Barua yenye neno hilo ina thamani kuliko alama ya vema iliyobahatishwa.

Tatu, macho. Neva za huruma (zinazofanya kazi bila hiari, kama kutanua mboni na kutoa jasho) zinazokwenda usoni hupitia mzizi wa T1. T1 ikichomoka, jicho la upande huo huwa na mboni ndogo na kope ya juu iliyoshuka kidogo, na uso wa upande huo hautoi jasho. Daktari Horner aliieleza hali hii mwaka 1869. Punguza mwanga wa chumba kabla ya kupima: mboni nzima itatanuka gizani na ya upande ulioumia itachelewa, ndipo tofauti inaonekana wazi. Kwenye mwanga wa dirisha la mchana utaikosa. Uliza kama amepewa mofini, maana dawa hiyo hufinya mboni zote mbili. Jicho lililopigwa kwenye ajali nalo haliaminiki, mboni yake inaweza kutanuka kwa sababu nyingine. Siku ya kwanza dalili inaweza kuwa haipo, kwa hiyo rudia kila siku wodini. Na kama dalili hii imekuja pamoja na maumivu makali ya shingo na kichwa, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili mzima, fikiria mshipa wa damu wa shingo umechanika. Huo ni mwelekeo mwingine na ni dharura.

Nne, gonga. Kwa ncha ya kidole gonga taratibu juu ya mtulinga, pembeni mwa shingo. Msisimko unaokimbia kama umeme hadi kwenye mkono ni habari njema kwa kiasi: mzizi umekatika lakini kisiki bado kimeungana na ugwe. Kukosekana kwake kunaongeza shaka ya kuchomoka, ila peke yake hakuthibitishi.

Tano, maumivu. Mkono usiohisi kitu lakini mgonjwa anasema kiganja kinaungua, kinasagwa, kinapigwa na umeme wa ghafla: mwamini. Maumivu ya namna hiyo huambatana sana na mizizi iliyochomoka. Usimwambie ni mawazo.

Mwisho wa hatua hii, pima miguu. Kuchomoka kwa mizizi kunaweza kujeruhi ugwe wenyewe. Rifleksi zinazoruka mno kwenye goti la upande huo, au kutembea kwa kukakamaa, ziandikwe juu kabisa ya barua.

Hatua ya 5: Ngozi

Pamba na kijiti, macho yamefungwa. Juu ya mkono upande wa nje C5, dole gumba C6, kidole cha kati C7, kidole cha mwisho C8, kigasha upande wa ndani T1. Basi.

Hatua ya 6: Picha na kipimo cha umeme

X-ray ya kifua, mara mbili, akiwa amevuta pumzi na akiwa ameitoa. Kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu) kilichobaki juu upande wa jeraha kinaonyesha neva yake, inayotoka C3 hadi C5, nayo imeguswa. X-ray ya shingo: vimbawa vya pembeni vya pingili vilivyovunjika vinaongeza shaka ya kuchomoka.

Kipimo cha umeme cha misuli na neva kabla ya wiki tatu ni kutupa fedha ya mgonjwa, kwa sababu msuli haujaanza bado kutoa ishara za kukosa neva. Kati ya wiki ya 3 na ya 4 ndipo. MRI ya shingo nayo husomeka vizuri zaidi wakati huo.

Hatua ya 7: Kalenda kwenye barua

Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku. Msuli usio na neva huanza kupotea moja kwa moja kati ya miezi 12 na 18. Piga hesabu ya umbali kutoka shingoni hadi kiganjani, utaona kwa nini wapasuaji wanakimbilia kiwiko na bega kwanza: baisepsi iko karibu. Mwaka 1994 mpasuaji Oberlin wa Ufaransa alieleza njia ya kuchukua nyuzi chache za neva ya alna na kuziunga kwenye tawi la baisepsi, papo hapo mkononi, na kwa wenye C5 na C6 zilizokufa huku kiganja kikiwa hai njia hiyo imebadilisha maisha. Lakini inataka mgonjwa afike mapema.

Kwa hiyo: jeraha la panga au kisu lifunguliwe ndani ya siku chache. Dalili za kuchomoka, rufaa mara moja. Jeraha la kuvutika bila dalili hizo, pima tena kila mwezi kwa namba zilezile, na kama baisepsi bado ni 0 mwezi wa tatu, rufaa. Miezi 3 hadi 6 ndiyo dirisha zuri. Tanzania, elekeza Taasisi ya Mifupa Muhimbili au hospitali ya kanda iliyo karibu nawe. Andika tarehe ya ajali kwa herufi kubwa. Baada ya mwaka mmoja kuunga neva hakuleti mengi, hapo inabaki kuhamisha kano na misuli.

Hatua ya 8: Mkono unaosubiri

Viungo vyote vinyooshwe na kukunjwa na ndugu yake, mara kadhaa kwa siku, hasa vidole na kugeuza bega nje. Naliweka hili mbele ya mashine yoyote ya kushtua misuli inayouzwa mjini. Kitambaa cha kuning'iniza mkono ni cha kusimama na kutembea tu, akikaa kivuliwe na mkono uwekwe juu ya mto. Asikandwe kwa maji ya moto: ngozi isiyohisi inaungua mtu akiangalia. Asivutwe mkono na mchuaji yeyote. Sigara na jiko la mkaa vikae upande mzima. Maumivu ya kuungua hayasikii parasetamoli, anza amitriptilini kiasi kidogo usiku au gabapentini kama ipo, na uongeze taratibu ukimwona kila wiki mbili.