Lishe au udaktari Marekani: kuchagua digrii ya kwanza bila kujifungia mlango

Ukizoea utaratibu wa Tanzania, ambako kijana hutoka kidato cha sita akaingia moja kwa moja kusomea udaktari, Marekani itakuchanganya. Kule udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza ya miaka minne, na vyuo vya tiba havilazimishi digrii hiyo iwe ya fani fulani. Vingi vinadai masomo: biolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, kila moja mwaka mzima pamoja na maabara, kisha biokemia angalau muhula mmoja.

Lishe ina masharti ya namna nyingine. Lishe tiba na usimamizi wa huduma za chakula sharti uvisome kwenye programu yenye ithibati ya ACEND, chombo kinachoidhinisha programu za lishe Marekani. Tangu tarehe 1 Januari 2024, huruhusiwi kufanya mtihani wa usajili wa mtaalamu wa lishe bila digrii ya uzamili, na mafunzo ya vitendo hayapungui saa 1,000.

Kwa anayesitasita, tunashauri aanze na digrii ya lishe yenye ithibati, kisha achomekee masomo ya udaktari. Fizikia utaipata karibu kila chuo. Lishe tiba yenye ithibati ni ya kutafuta.

Wengi hukwama kwenye kemia. Programu nyingi za lishe huridhika na kemia ogania fupi, ya muhula mmoja, na hazidai fizikia kabisa. Kozi hiyo fupi vyuo vingi vya tiba haviikubali, na mara nyingi haikuruhusu kuendelea na sehemu ya pili. Siku ya kujiandikisha, soma maelezo ya kozi yenyewe: je, ni ya wanafunzi wa sayansi, ina sehemu mbili, na maabara imo? Kama sivyo, iache hata kama mshauri wa idara amesema inatosha. Kwa lishe inatosha kweli.

Mwaka wa kwanza soma biolojia na kemia ya jumla. Wa pili, kemia ogania yote na fiziolojia. Wa tatu, biokemia na fizikia, ili ufanye MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya tiba, mwishoni mwa mwaka huo.

Angalia na wastani wako. AMCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vingi vya tiba, hukokotoa kando wastani wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kozi za lishe huwekwa kundi la sayansi za afya, kwa hiyo A zako za lishe hazitafunika C ya kemia. Ukirudia somo, alama zote mbili huhesabiwa.

Mwenye viza ya mwanafunzi aanze na jambo jingine kabla ya hayo yote: vyuo vingi vya tiba, hasa vya serikali za majimbo, havipokei asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Andika orodha ya vile vinavyopokea, kisha upange masomo kwa masharti yao.