Siku Nne Shimba Hills: Ukirudi Mombasa na Watoto, Mchukue na Bibi Yao

Sisi tunaoishi ng'ambo tukirudi Mombasa, likizo huisha kabla hatujaianza. Wiki ya kwanza ni ya salamu: Kisauni kwa ami, Majengo kwa khalati, Bombolulu kwa yule aliyefiwa wakati wewe hupo. Wiki ya pili kuna harusi, ya tatu unahangaika na vitambulisho na benki. Watoto wanakaa sebuleni na soda mkononi, kila anayeingia anawauliza "wanijua mimi nani?", na bibi yao, ambaye ndiye sababu ya safari nzima, yuko jikoni akiwapikia wageni. Mwaka mmoja wanangu walirudi Uingereza bila hata kumzoea bibi yao. Niliumia sana. Tangu hapo, kila tukija natenga siku nne, tunapanda Shimba Hills, na mamangu tunakwenda naye.

Wengi wetu tulioko Uingereza tumeshawapeleka watoto kwenye vile vijiji vya likizo vya msituni. Kile cha kampuni ya Center Parcs kilichoko Sherwood kilifunguliwa mwaka 1987, na utaratibu wake ni uleule mpaka leo: unaingia Ijumaa unatoka Jumatatu, au Jumatatu hadi Ijumaa, gari unaliacha maegeshoni, mnapika wenyewe nyumbani mwenu, na bwawa la ndani lina joto la nyuzi 29.5 hata nje kukiwa na theluji. Bwawa hilo Shimba hutalipata, wala barabara za baiskeli. Lakini mpango wenyewe ni mzuri na mimi nauiga: siku chache zenye mwanzo na mwisho, jiko lenu wenyewe, na shughuli moja tu kwa siku, iliyopangwa mapema.

Shimba Hills iko kama kilomita 33 kusini ya Mombasa, katika kaunti ya Kwale, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Ni vilima vya msitu na nyasi vinavyotazama bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, asubuhi kuna ukungu, na mtoto aliyekuwa hana raha kwa joto la mjini hulala usingizi wa kweli. Ndani yake kuna chemchemi za Marere, ambazo maji yake huteremshwa hadi Mombasa. Nilipowaambia wanangu kwamba maji ya msitu ule ni sehemu ya maji aliyokulia bibi yao, walimtazama kwa macho mengine.

Kabla hujapanda ndege

Anza na pasipoti za watoto, maana hapo ndipo pesa na wakati hupotea. Katiba ya 2010 inamtambua kuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa mtoto yeyote ambaye baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya siku aliyozaliwa, hata kama amezaliwa Birmingham. Lakini haki isiyo na karatasi haikusaidii langoni. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina viwango tofauti vya kiingilio kwa raia, kwa mkazi na kwa mgeni, na tofauti baina ya raia na mgeni ni kubwa. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza peke yake atahesabiwa mgeni. Basi kama hujamwandikisha kwenye ubalozi wala kumchukulia pasipoti ya Kenya, lianze jambo hilo miezi kadhaa kabla, si wiki ya safari. Anayeingia Kenya kwa pasipoti ya Uingereza anahitaji kibali cha eTA, kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024. Kinaombwa mtandaoni, na kila mtu ana chake, hata mtoto mchanga.

Kiingilio cha hifadhi nacho hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na langoni hawapokei pesa taslimu. Kama huna laini ya Kenya yenye M-Pesa, mwombe ndugu yako akulipie kwa simu yake siku moja kabla, ubaki na risiti. Wazee wa nyumbani wabebe vitambulisho vyao. Nimeshaona familia imekwama langoni kwa kuwa mzee kaacha kitambulisho kwenye mkoba mwingine.

Wakati mzuri kwa walio na watoto wa shule za Uingereza ni Agosti. Kusi inavuma, mvua kubwa za masika zimeshapita, na njia za ndani zinapitika. Desemba pia inafaa, ila pwani nzima hujaa wageni kutoka bara na bei hupanda, kwa hiyo weka nafasi mapema. Pasaka ikiangukia Aprili huwa ni kuombea hali ya hewa, kwani udongo wa kule ukilowa gari dogo halipandi.

Halafu kuna swali la siku ipi ya likizo. Usiiweke safari hii mwishoni. Mwishoni kila mtu anapanga mizigo, bibi ameshaanza kulia kimoyomoyo, na watu wanakuja kuaga. Iweke baada ya siku ya tano au ya sita, salamu za lazima zikishakwisha. Waambie jamaa mapema kwamba siku hizo hampo, ili asitokee mtu akasema mmemkimbia.

Mahali pa kulala

Unaweza kulala ndani ya hifadhi, kwenye banda au kambi, au ukapangisha nyumba karibu na mji wa Kwale na kuingia msituni mchana. Kwa vya ndani, waulize KWS wenyewe vipi viko wazi msimu huo. Kwa familia yenye mzee na mtoto mdogo mimi napendelea nyumba ya Kwale: una duka karibu, una hospitali karibu, na usiku mzee akitaka kwenda msalani hakuna wasiwasi wa mnyama.

Nyumba hizi nyingi utaziona kwanza kwa picha kwenye simu, na picha zilishanidanganya. Mwaka wa kwanza nililipa pesa zote nikiwa Uingereza. Tulipofika, nyumba ilikuwa ile ya kwenye picha kweli, ila tangi lilikuwa kavu na pampu imekufa. Tulioga maji ya ndoo siku mbili, na mamangu mwenye goti bovu akainama kwenye beseni kama msichana. Tangu siku hiyo sitoi shilingi kabla mtu wangu hajafika. Namtuma mpwa wangu kwa bodaboda, ananipigia simu ya video akiwa ndani, namwambia fungua mfereji, vuta maji ya choo, washa jiko la gesi, nionyeshe vyandarua kimoja kimoja, kisha toka nje unionyeshe ngazi ni ngapi. Safari hiyo moja ya mpwa inalipa nauli yake mara kumi. Nikiridhika natoa nusu, na nusu ya pili natoa tukishaingia.

Njia

Zamani safari hii ilianza na kungoja feri ya Likoni, jua kali, gari limejaa, watoto wanalia. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia upande wa Miritini na kutokea kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga bila kuingia kisiwani. Ukitoka uwanja wa ndege wa Moi au stesheni ya treni ya Miritini, pita huko. Anayetoka Mji wa Kale au Majengo bado anaweza kuvuka na feri, na watoto waliokulia ng'ambo huipenda mno, basi wavushe angalau wakati wa kurudi. Mkishafika barabara ya kusini, endeni hadi Kombani, na hapo ndipo mnapokata kupanda Kwale.

Kodi gari lililoinuka, lenye dereva anayeijua Kwale. Kiti cha mtoto cha gari njoo nacho kutoka ulikotoka, kwa sababu magari ya kukodi mara nyingi hayana. Na kabla ya kufunga mizigo ondoa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Kila mtoto awe na chupa yake ya chuma, na maji ya kunywa yabebwe kwenye madumu makubwa ya kujazwa tena.

Chakula

Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tulipofaidi zaidi.

Kosa rahisi ni kununua vyakula vya kizungu dukani kana kwamba bado mko Sherwood. Amka mapema uende soko la Kongowea ununue nazi, ndimu, pilipili, nyanya, viazi, bamia, ndizi mbichi. Samaki mchukue changu au tafi, awekwe chumvi na kuchomwa nyumbani kabla ya safari, kule mje mumalizie kumpaka tui tu. Siku ya kwanza tunafika na mahamri na mbaazi zilizopikwa usiku, ili asiwepo wa kuingia jikoni kwa uchovu wa njia. Hiyo kwangu ni sheria: siku ya kwanza mamangu hapiki.

Siku ya pili, akitaka mwenyewe, anafundisha. Mwaka jana alibeba mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya mti iliyong'aa kwa kukaliwa miaka. Binti yangu wa miaka minane aliikalia kibarazani, bibi kapiga magoti kwa shida nyuma yake, kamshika viwiko. "Zungusha kifuu, usikandamize." Nazi ikaanza kudondoka siniani, nyeupe kabisa. "Ukiona weusi wa kifuu wakaribia, wacha hapo, la sivyo tui litakuwa na rangi." Wakakamua tui zito wakaliweka kando, wakaongeza maji vuguvugu wakakamua jepesi, na mtoto akaonja yote mawili kwa kidole. Binti yangu alikuwa akimjibu bibi yake kwa Kiingereza wiki nzima. Pale kibarazani alisema "bado kidogo, bibi" bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi, nikarudi ndani polepole nisiwakatize.

Chakula kisibaki nje, wala dirisha la jikoni lisiachwe wazi. Nyani na tumbili wa kule wamezoea watu na hawaogopi mtoto aliyeshika ndizi.

Msituni

Usiwaahidi watoto simba. Waambie watakwenda kumtafuta palahala, swala mkubwa, na Kenya nzima ni Shimba pekee ambapo palahala wa porini wanaishi. Dume ni mweusi anayemeremeta, tumbo jeupe, pembe zimepinda kwenda nyuma kama jambia. Ndovu nao wapo, na waliwahi kuwa wengi hadi mwaka 2005 KWS ikahamisha kama 150 kwenda Tsavo Mashariki. Ingieni asubuhi lango likifunguliwa, au saa kumi jioni jua likilegea. Ndani ya gari sauti iwe ya chini na mtu asiteremke isipokuwa mahali palipoandikwa kuwa panaruhusiwa.

Shughuli ya siku moja iwe ni maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21. Mnateremka kwa miguu kama kilomita mbili mkiwa na askari wa KWS mwenye bunduki, na chini kuna kidimbwi cha maji baridi ambamo watu huoga. Kuteremka ni rahisi. Kupanda ndiko kunakochosha, na mtoto wa miaka mitatu utambeba mgongoni, kwa hiyo njoo na leso imara ya kumfunga. Bibi asiende huko. Mtu mzima mmoja abaki naye kwenye kilima kinachotazama bahari, na chupa ya chai ya tangawizi. Mamangu husema saa zile mbili ndizo tamu kwake kuliko zote, maana hukaa akinisimulia babu zetu mimi peke yangu, bila mgeni kubisha hodi.

Mkipata nafasi wakati wa kurudi, piteni Diani mwone Kaya Kinondo. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja kati ya misitu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Mijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki, kitambaa cheusi, kiunoni, haokoti hata jani, na hapigi picha bila ruhusa. Waelezeni watoto haya kabla ya kufika, si mbele ya mzee anayewaongoza.

Malaria

Jambo hili nimelisikia likidharauliwa na watu wazima wenye akili zao: "Mimi nimezaliwa hapa, mbu wananijua." Kinga uliyokuwa nayo ulipokuwa ukiishi pwani hupungua ukikaa miaka mahali pasipo na malaria, na watoto waliozaliwa ng'ambo hawana kinga yoyote. Nendeni kliniki ya wasafiri wiki nne hadi sita kabla ya safari. Kuna dawa inayoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kumalizwa siku 7 baada ya kurudi, na kuna nyingine ambazo huendelezwa wiki 4 baada ya kurudi. Daktari atachagua kwa umri na uzito wa mtoto, na nyingine hazifai wadogo. Hizo siku za baada ya kurudi ndizo watu huziacha, kwa kuwa shule imefunguliwa na mabegi hayajafunguliwa. Mimi hubandika karatasi kwenye friji, kila mtoto na jina lake, na kila asubuhi anatia alama mwenyewe. Homa ikimpata mmoja wenu mkisharudi, hata baada ya miezi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba mlikuwa pwani ya Kenya.