Somo: Kuijua CBN, kanabinoidi inayosifiwa kwa kutuliza, kabla ya kuiamini lebo ya chupa

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu swali moja linanifuata kila mahali, dukani ninapofanya kazi ya ufamasia hapa Mbeya, kwenye simu, na hata nje ya kanisa baada ya ibada: hii CBN inayosemekana kutuliza akili na kuleta usingizi ni kitu gani, na je, inafaa? Kuanzia sasa atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Somo halifundishi kutengeneza wala halimwonyeshi mtu mahali pa kununua. Linafundisha namna ya kuipima habari ya kitu kinachouzwa kwa sifa nyingi kuliko ushahidi wake.

Hatua ya kwanza: itofautishe na ndugu zake.
Mmea wa bangi una kanabinoidi, yaani kemikali zake za asili, zaidi ya mia moja. THC ndiyo inayolewesha, CBD haimleweshi mtu, na CBN, yaani kanabinoli, inafanana na THC kwa umbo lakini nguvu yake ni ndogo sana.

Hatua ya pili: ijue inavyozaliwa.
Mmea mbichi hauna CBN ya kutajika. Kanabinoidi hii hutokea pale THC inapokaa muda mrefu kwenye hewa, mwanga na joto, ikapoteza atomi nne za haidrojeni: molekuli ya THC ina haidrojeni 30, ya CBN ina 26. Mtu wa Iringa anajua kwamba ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi si ulanzi ule ule jioni. Hapa nako muda na hewa hubadili kilichomo, ila badiliko hili linapunguza makali badala ya kuyaongeza. Ndiyo maana CBN ilifahamika mapema kuliko zote. Wood, Spivey na Easterfield waliishughulikia Cambridge, Uingereza, mwaka 1896, wakitumia utomvu wa bangi. Mwaka 1940 kundi la Alexander Todd nchini Uingereza na la Roger Adams nchini Marekani yaliweza kuitengeneza maabara. THC yenyewe ilikuja kutengwa ikiwa safi mwaka 1964, na Gaoni na Mechoulam nchini Israeli. Shika jambo hili moja hata kama utasahau mengine yote: CBN ni mtoto wa THC, na mara nyingi mtoto huyu hasafiri bila mzazi wake.

Hatua ya tatu: iulize kila sifa imetoka wapi.
Sifa ya kuleta usingizi ilianzia kwenye mazoea. Watu waliona kwamba bangi iliyokaa sana inasinzisha, na kwa kuwa bangi ya namna hiyo ina CBN nyingi, wakahitimisha kwamba CBN ndiyo inayosinzisha. Mwaka 1975 watafiti wa Brazili waliwapa wanaume watano CBN peke yake, THC peke yake, kisha zote mbili pamoja. CBN peke yake, kwa kipimo cha miligramu 50, haikuwasinzisha kwa namna ya kuonekana. Zilipochanganywa ndipo walipojihisi wamelewa na kusinzia zaidi. Watu watano ni wachache mno kutegemewa, lakini kwa miaka mingi ushahidi kutoka kwa binadamu haukuwa na mengi zaidi ya hayo, na tathmini ya maandiko iliyotolewa na Jamie Corroon mwaka 2021 ilisema wazi kwamba madai ya usingizi hayakuwa na msingi wa kutosha.

Baada ya hapo kazi nzuri zaidi imefanyika, na haki inataka niieleze pia. Mwaka 2023 lilichapishwa jaribio la watu wazima wanaolala vibaya, ambamo baadhi walipewa miligramu 20 za CBN kila usiku kwa siku saba na wengine dawa mfano isiyo na kitu, bila wao wala watafiti kujua nani kapewa nini. Waliotumia CBN waliamka mara chache zaidi usiku na kwa jumla usumbufu wa usingizi ulipungua. Hata hivyo hawakupata usingizi upesi zaidi kuliko wenzao, ubora wa usingizi haukutofautiana kwa kiwango cha kuthibitika, na kuongeza CBD hakukusaidia. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kwamba panya waliopewa CBN walilala zaidi, na wakaonyesha kwamba ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi kwenye vipokezi vya CB1, vile vile ambavyo THC huvishika ubongoni. Kwa hiyo yapo matumaini ya kweli, nami nayafuatilia kwa hamu. Lakini matumaini hayajawa dawa.

Hatua ya nne: matumizi mengine yanayotajwa.
Panya waliongeza kula katika utafiti wa mwaka 2012. Bakteria sugu wa aina ya MRSA walizuiwa ndani ya vyombo vya maabara mwaka 2008. Hakuna hata moja kati ya haya linalomruhusu mtu kuipaka CBN kwenye kidonda au kumpa mgonjwa aliyekosa hamu ya kula.

Hatua ya tano: hesabu miligramu, na hesabu za kila kilichomo.
Hapa ndipo wengi wanapoangukia, wakiwemo watu wasomi, kwa hiyo naomba isomwe polepole. Chukua chupa ya mililita 30 iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa "600 mg", na nyuma kwa herufi ndogo kwamba CBN ni miligramu 150 na zilizobaki ni CBD. Gawa 150 kwa 30: kila mililita ina miligramu 5 za CBN. Anayetaka kufikia zile 20 za jaribio la 2023 atahitaji mililita nne, na kwa kunywa nne atakuwa amekunywa pia miligramu 60 za CBD ambazo hakuzikusudia. Haijaishia hapo. Mafuta mengi ya Marekani yametengenezwa chini ya sheria ya mwaka 2018 iliyoruhusu katani (bangi ya viwandani, si mkonge) yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, nayo asilimia hiyo, ambayo mnunuzi huiona ni sawa na sifuri, ni miligramu 3 kwa kila gramu. Kama chupa imefika ukomo huo, mililita nne za mafuta zinabeba zaidi ya miligramu 10 za THC, kiasi kinachotosha kabisa kumlewesha mtu mzima asiyezoea. Kwa mtoto ni hatari ya kulazwa hospitali.

Tahadhari tatu zinafuata. Namba kubwa ya mbele ni ya chupa nzima, si ya dozi. Asilimia na miligramu si kitu kimoja. Zidisha asilimia kwa kumi upate miligramu kwa gramu. Na kinachomezwa, hasa pipi laini, huchelewa kufanya kazi kwa saa moja hadi mbili, hivyo mtu huongeza ya pili akidhani ya kwanza imeshindwa, kisha zote mbili zikamjia kwa pamoja usiku wa manane.

Hatua ya sita: omba cheti cha maabara.
Namba ya toleo kwenye cheti ilingane na ya chupa, na mstari wa THC uwepo. Picha ya cheti isiyo na namba ya toleo si cheti.

Hatua ya saba: taja dawa zako zote.
CBN na CBD hupitia vimeng'enya vya ini ambavyo pia hushughulikia dawa nyingine. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa au dawa za usingizi, pamoja na anayekunywa pombe, asijaribu kuchanganya. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiguse.

Hatua ya nane: sheria.
Bangi na mazao yake ni dawa za kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na dawa yoyote halali lazima isajiliwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020 ikiruhusu kilimo chenye leseni kwa tiba na viwanda, na naona baadhi ya ndugu zetu wa Kyela wanaamini kwamba kilicho halali ng'ambo ni halali huku. Ruhusa ile inakoma mtoni Songwe. Ukivuka Kasumulu na chupa hiyo, umeibeba kwa jina lako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanjelwa: Bei yake ni shilingi ngapi, na nani anauza hapa mjini?
Jibu: Siuzi na simwelekezi mtu kwa muuzaji. Soma hatua ya nane.

Mwanafunzi wa kemia, Iringa: Shikamoo, mwalimu. Ikiwa THC hugeuka kuwa CBN yenyewe, je, bangi ikikaa sana hufikia hatua ya kutolewesha tena?
Jibu: Marahaba, kijana wangu, hili ni swali la mtu aliyesoma kwa makini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi waliwahi kupima bangi iliyohifadhiwa katika joto la kawaida la chumba, wakaona THC inapungua kwa takribani asilimia 17 katika mwaka wa kwanza na takribani asilimia 41 baada ya miaka minne. Kwa hiyo hata baada ya miaka minne zaidi ya nusu ilikuwa bado ipo. Tena THC yote iliyopotea haikugeuka CBN. Sehemu yake huwa vitu vingine. Wataalamu hutumia uwiano wa CBN na THC kukadiria umri wa bangi iliyokamatwa. Ukipenda kuendelea, soma kuhusu kromatografia ya kimiminika, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali ili zipimwe, na uilinganishe na ile ya gesi, ujiulize kwa nini ya gesi, ambayo hupasha sampuli joto, inaweza kubadili kile inachokipima.

Dereva wa malori, Tunduma: Nikitumia CBN tupu isiyo na THC, kipimo cha mkojo kazini kitanikamata?
Jibu: Kinaweza, kaka yangu. Vipimo vya haraka vya mkojo hutumia kingamwili zinazotafuta mabaki ya THC, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba CBN yenyewe huvichanganya baadhi ya vipimo hivyo. Kipimo cha uthibitisho cha maabara kubwa kinaweza kuitofautisha, lakini hadi majibu yarudi huenda umeshasimamishwa kazi. Pia kumbuka kwamba "tupu" ni neno la muuzaji. Na kwa anayeshuka Sekenke au Kitonga na tani thelathini nyuma yake, kusinzia kunatosha kuwa sababu ya kuiacha, hata pasipo kipimo chochote.

Mwanachama wa Mafinga: Kwa hiyo umesema haina madhara. Nimpe mama yangu mwenye presha?
Jibu: Sikusema hivyo mahali popote, na naomba nisinukuliwe kwa nisichoandika. Usimpe. Mpeleke kliniki na dawa zake zote mkononi.

Mwanachama wa Soweto, Mbeya: Mimi nimetumia na nimelala vizuri. Wewe unapinga kitu usichokijua.
Jibu: Sikatai kwamba ulilala. Ninachosema ni kwamba kulala kwako hakuthibitishi kwamba CBN ndiyo iliyokulaza. Watu wanaopewa dawa mfano nao hulala vizuri zaidi, na ndiyo sababu majaribio hutenga kundi la namna hiyo. Inawezekana pia kwamba uliyotumia ilikuwa na THC ya kutosha. Bila cheti, mimi na wewe hatuwezi kujua.

Mama wa Makambako: Mimi sitaki kuvunja sheria wala kununua chupa za watu. Ninakosa usingizi tangu msimu wa baridi uanze, naamka saa nane na sirudii. Nifanye nini?
Jibu: Pole, mama. Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, tiba inayopendekezwa kwanza na miongozo mingi si kidonge bali ni mafunzo ya tabia na fikra kuhusu usingizi: kuamka saa ile ile kila siku, kutokulala mchana, kwenda kitandani pale tu usingizi unapokuja, na ukikaa macho muda mrefu, kuinuka na kukaa pahali pengine hadi usinzie tena. Wiki za mwanzo ni ngumu, usikate tamaa. Mweleze daktari dawa unazotumia, kwa kuwa baadhi huondoa usingizi. Dolutegravir, dawa ya VVU, kwa mfano, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi husaidia, ila usiiache wala usibadili saa bila kuongea na kliniki yako. Kuamka alfajiri kukiambatana na huzuni au kukosa hamu ya mambo nako kuna tiba yake, lisemee hilo.

Mwanachama wa Tukuyu: Niongezee hapo, mama. Sisi tunaolima chai tunakunywa hadi usiku. Nilipoacha ya jioni nimeona nafuu kubwa.
Jibu: Asante sana, dada. Nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo chai ya saa moja jioni ipo kazini saa sita usiku.

Mama wa Makambako: Nashukuru wote. Chai nitaacha. Usiku huwa naingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi, na asubuhi kichwa kinauma. Je, nacho ni kukosa usingizi?
Jibu: Mama, leo usiku jiko libaki nje. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na maumivu ya kichwa ya asubuhi yanayoisha ukitoka nje ni dalili yake. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Tumia blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, na kesho nenda kituo cha afya ukaeleze kuhusu jiko kabla ya kueleza kuhusu usingizi. Kama kuna mtoto mnayelala naye, nenda naye.